Bitabu ya mu rayon, Kiwix ao intaneti: profe akitoa travo, uanzie wapi?

Nachungaka bibliyoteke ya masomo moja ya sekondari hapa Lubumbashi, na kila mwaka, kuanzia mwezi ya kumi mupaka bafinalisti banaingia mu Exetat (ekzame ya Leta ya kumaliza sekondari), ulizo ni ileile: "Mama, profe ametoa travo, nianzie wapi?" Alafu muzazi anafika naye, anauliza kama ile feza kidogo yenye iko anunulie mutoto mega ya intaneti ao anunulie kitabu, juu haitoshi bintu mbili. Ulizo ya muzazi njo inanigusaka sana, juu najua ile feza imetoka ku feza ya unga. Basi nimeona niandike mara moja kwa bote, nilinganishe bile bintu yenye batoto banatumiaka kweli, na niseme wazi mimi ningechagua gani na juu ya nini.

Kwanza tusikilizane hapa: kusema "hii inapita ile" bila kujua mutoto anatafuta nini, ni kama kusema jembe inapita sindano. Niko na maulizo tatu mu kichwa, yote ilinifikia hii mwaka ya masomo. Kijana ya pedagoji anatafuta habari ya greve ya batumishi ya Union Minière, kampuni ya mukuba ya hapa, ya mwezi ya kumi na mbili 1941. Binti ya bioloji-shimi anatafuta namna malakiti, ile jiwe ya kijani, inageuka mukuba. Na mutoto mudogo ya mwaka ya kwanza, profe amemwambia alete majina ya provinsi yote ya Kongo. Kila mutu na mulango yake.

Tuanzie ku bitabu ya mu rayon, juu batoto ya leo banaipita sana. Kitabu haiombi mega, kukiwa delestaje unakaa karibu na dirisha unaendelea kusoma, na profe mwenyewe anaijua, ukiandika ukurasa 112 anaenda anaangalia anaikuta. Tena kitabu ya masomo imepangwa na mutu mwenye anajua nini inatangulia na nini inafuata, mutoto haanguki katikati ya mambo yenye hayajui bado. Hiyo mimi naona ni kintu kubwa sana, juu kwenye intaneti unafika mara moja ku jibu lakini haujui ulipita wapi.

Ubaya yake ni miaka. Ule mutoto ya provinsi alichukua atlasi yetu, muzuri kabisa, na rangi, akaandika provinsi 11 na Katanga moja kubwa kutoka Lubumbashi mupaka Kalemie. Profe akamutoa pointi. Mutoto akalia, na mimi nilisikia uchungu juu atlasi ni mimi nilimupatia. Katiba ya tarehe 18 mwezi ya pili 2006 iliandika 26 ukihesabu na Kinshasa, lakini kukata yenyewe kulifanyika 2015, njo Katanga ikatoka Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Kitabu yote yenye ilichapwa mbele ya pale itakuonyesha inchi ya zamani, haidanganyi, ilikuwa vile. Ni sawa na Pluto, kitabu ya mbele ya 2006 bado inaihesabu mu planeti, na tablo ya elementi ya shimi kama haina majina ya 113, 115, 117 na 118 basi iliandikwa mbele ya 2016. Lakini usitupe kitabu juu imezeeka! Pitagora haizeeki, konjugezo ya verbe haizeeki, namna jani inatengeneza chakula yake na mwangaza ya jua haizeeki. Kwa hivi mimi nafundisha batoto kitendo moja tu: mbele ya kusoma, geuza karatasi ya jina, tafuta mwaka ya kuchapwa, alafu ujiulize kama hii ulizo yako ni ya bintu yenye inabadilika ao yenye haibadiliki.

Kwa mambo ya sheria na sivike, pale sichelewi: rayon hapana. Siti ya intaneti Leganet iko na Katiba na sheria mingi ya inchi kwa bure, na ukisoma Katiba hakikisha unaona na mabadiliko ya tarehe 20 mwezi ya kwanza 2011, juu kuko fotokopi mu muji zenye hazina.

Sasa Wikipedia. Najua kuko baprofe benye banakataza kabisa, na najua kuko batoto benye banakopia kutoka juu mupaka chini hata na ile namba ndogo ya mabano inabakia mule. Mimi niko katikati. Wikipedia ya Kifaransa ilianza 2001 na kwa kuingia mu jambo mara ya kwanza sijaona kintu inaipita: inakupatia majina ya batu, tarehe, fasi, na chini kabisa inakupatia bitabu yenye ilitumika kuandika. Ile sehemu ya chini njo mali. Batoto banasoma juu, banafunga. Mimi nabaambia shuka, shuka, mupaka chini, kule njo travo yako inaanzia. Ya Kiswahili iko pia, tangu 2003, ni ndogo zaidi na mara mingi inaongelea zaidi mambo ya Tanzania na Kenya kuliko ya kwetu, lakini kwa mutoto mwenye Kifaransa inamukabaka ku shingo, kusoma kwanza mu luga yenye anasikia na kisha kurudilia mu Kifaransa inasaidia sana, nimeona na macho.

Vikidia nayo ni encyclopedia ya batoto ya miaka 8 mupaka 13, Kifaransa mwepesi, ilianza 2006. Kwa humanités ni ndogo, kwa mwaka ya saba na ya nane ni muzuri. Basi.

Ulizo ya kweli kwetu haiko Wikipedia ao hapana, ni Wikipedia ya namna gani: ile ya mega ao ile ya Kiwix. Kiwix ni aplikasio ya bure, iko tangu 2007, inafungula Wikipedia nzima bila intaneti. Unatelesharje fili moja mara moja, fili yenye inaishaka na .zim, kisha hata forfe imeisha, hata sinyale imepotea, hata uko kijijini ku bibi kule Kasenga, unasoma. Fili ya Wikipedia Kifaransa nzima na mapicha inapita giga 30, ni nzito, telefone mingi haitaweza. Lakini kuko ya bila mapicha, kuko yenye inabeba tu mwanzo ya kila habari, na kuko ya somo moja moja: shimi peke, fizike peke, historia peke, jeografia peke. Ile ya somo moja njo napendekeza kwa telefone ya kawaida. Tena haiombi kila mutu atelesharje: moja anatelesharje, bengine banapitishiana kwa karta ya memwari ao kwa kutumiana telefone na telefone, na kama masomo iko na ordinatere moja tu, Kiwix inaweza kuitumia sawa serveri, telefone zenye ziko karibu zinaingia kwa wifi bila intaneti hata kidogo. Kwetu tulifanya vile na ordinatere moja ya zamani. Siku ya kwanza batoto ishirini banasoma pamoja bila mutu kununua hata mega moja, nilikaa tu nabaangalia.

Kintu Kiwix inakosa: haibadiliki yenyewe. Fili ya mwaka iliyopita inajua mambo ya mwaka iliyopita. Kwa malakiti haisumbui, kwa "nani ni gavana leo" inasumbua. Kwa ile ingia mu intaneti dakika tano, soma habari moja, toka.

Na sasa, juu kila siku ninaletewa: jibu ya roboti yenye inaandika. Mutoto anauliza, roboti inajibu Kifaransa kizuri sana, kimenyooka, na mutoto anaamini. Kwa kukuelezea fasi yenye haukusikia mu darasa, ao kukusahihishia Kifaransa, sikatazi. Kwa kutafuta bitabu, hapana. Kijana moja aliniletea jina ya kitabu, jina ya mwandishi, mwaka, mupaka ukurasa. Tulitafuta siku mbili, mu katalogi, mu Google Scholar, ku bandugu ya univasite, ile kitabu haikuandikwaka na mutu. Haikuwa mutoto alidanganya, alidanganyika. Basi kanuni yetu mu bibliyoteke ni hii: kitabu yenye haujashika na mukono ao haujaona na macho ku ekrani, usiiandike mu travo.

Turudi ku kijana ya greve ya 1941, juu kwake njo kulinganisha kunakuwa na faida zaidi.

Kwa historia kuko bintu mbili kubwa ya bure zenye batoto mingi hapa hawazijue. Ya kwanza ni Histoire générale de l'Afrique ya UNESCO, volime 8 za kwanza, kazi yenye ilianzishwa 1964 ili Bafrika baandike historia yao benyewe, na PDF yake ya Kifaransa inatoka bure. Volime ya saba inatoka 1880 mupaka 1935, ya nane inaanzia 1935 kuendelea, kwa hivi 1941 utaitafuta mu ya nane. Ni nzito ku mega, na ni nzito ku kichwa pia, usiifungule ukurasa ya kwanza useme nitasoma yote, enda ku indeksi ya mwisho. Ya pili ni monografia (bitabu yenye inaeleza provinsi moja moja) ya musée ya Tervuren kule Ubelgiji, yenye ilisimamiwa na Jean Omasombo. Haut-Katanga ilitoka 2018, volime mbili, PDF bure ku siti ya musée.

Kati ya hizi mbili? UNESCO inakuonyesha bara nzima: vita ya pili ya dunia ilifanya nini ku batumishi ya Afrika, juu ya nini greve zilitokea fasi mingi mu ile miaka. Tervuren inashuka mupaka hapa kwetu, udongo, mvua, kabila, mukuba, muji, siasa. Mwenye ekspoze yake ni ya Kongo ao ya Afrika, achukue UNESCO. Mwenye ekspoze yake ni ya Katanga, achukue Tervuren kwanza na UNESCO kwa kuweka mu utangulizi. Na mwenye kumbukumbu ya telefone inamubania nafasi, Tervuren tu, volime moja.

Alafu kuko ba artikili ya batu ya univasite. Hapa kuko majina ine yenye batoto banachanganya. Persée ilianza 2005, ni revi za zamani za Kifaransa zilipigwa skani, na yote inasomeka bure, haiombi hata uandikishe jina. Cairn nayo ni ya 2005, iko na mambo mapya zaidi, lakini mapya mingi ni ya kulipa, na ya zamani inafunguka kisha miaka fulani. OpenEdition iko na revi mingi yenye unasoma bure palepale ku ukurasa, hata kama PDF wameifunga kwa benye banalipa, na kusoma ku ukurasa ni mwepesi ku mega kuliko PDF. Google Scholar yenyewe haina kitabu, ni njia ya kutafuta mu zote. Ukiona PDF imeandikwa upande ya kuume, ile njo inafunguka, na kama haiko, bonyeza pale inaonyesha versio zingine, mara mingi moja ni ya bure. Kwa mutoto ya humanités mimi nasema Persée na OpenEdition, kwa ile mupangilio. Cairn muachie mwenye anaenda univasite, juu mutoto kukuta mulango imefungwa mara tatu anakata tamaa, na kukata tamaa ya mwaka ya tatu humanités inabakia naye.

Na hii nisikilizeni vizuri juu ni siri ya kazi yenye nilijifunza kwa taabu: kutafuta habari ya zamani, andika jina ya zamani. Kijana yangu aliandika "Lubumbashi 1941" akakuta kidogo sana. Muji iliitwa Élisabethville kutoka 1910 mupaka 1966. Aliandika Élisabethville, mambo ikafurika. Likasi ni Jadotville, Kalemie ni Albertville, Bukavu ni Costermansville, na Katanga yenyewe, kutoka miaka ya 1970 mupaka 1997, itafute kwa jina ya Shaba, inchi nayo Zaïre. Kampuni vilevile: Union Minière du Haut-Katanga ya 1906, kisha Gécamines. Kwa jina moja mutoto anapata bitabu tatu, kwa jina mbili anapata makumi.

Njo akakuta: greve, askari kupiga risasi batumishi mu stade ya futuboli tarehe 9 mwezi ya kumi na mbili 1941, na Léonard Mpoyi mwenye alisema kwa jina ya batumishi akafia pale. Akakuta pia kama hesabu ya benye balikufa haiko moja, mwandishi moja anaandika yake, mwingine yake. Akanijia na hofu, "Mama, niandike gani?" Nikamwambia andika zote, na useme nani anasema gani. Kwa ile bintu kitabu moja tu haiwezi kukusaidia hata iwe kubwa namna gani.

Lakini nafika ku yenye iko mu roho yangu, juu yote yenye nimetaja mupaka hapa iko mu Kifaransa na mingi iliandikwa mbali. Kuko bintu yenye iliandikwa hapa, na Kiswahili ya hapa, na batoto ya hapa hawajasikia hata jina. Mwaka 1965 kikundi ya batu benye balifanyaka kazi mu manyumba ya bazungu, ba boyi, bakapishi, balitoa kitabu ndogo ya kupiga ku mashini, Vocabulaire de ville de Elisabethville, yenye iliandikwa na André Yav. Inasimulia muji hii na wakati ya Babeleji kwa macho ya batu ya kuosha sahani na kupika. Leo inasomeka bure mu Archives of Popular Swahili, kwenye siti yenye watafiti ya univasite ya Amsterdam balitengeneza, na mule muko pia maongezi ya Tshibumba Kanda Matulu, mupiga rangi ya hapa, mwenye alichora historia ya inchi mu ba tablo 101 mu miaka ya 1970 na akaieleza moja moja na Kiswahili yetu.

Linganisha hii na bitabu ya univasite. Kwa tarehe, bitabu ya univasite inapita: Yav anasimulia sawa mukubwa anasimulia, anarudia nyuma, anaruka, na tarehe zingine hazipatane. Maelezo ya watafiti kwenye siti iko mu Kiingereza, kwa ile mutoto atasumbuka. Lakini kwa kujua batu balisikia nini, balikula nini, baliita bwana yao jina gani ya kujifichia, hakuna kitabu ya Kifaransa inafika pale. Shauri moja tu: isome na sauti. Iliandikwa sawa mutu anaongea, ukisoma kimya na macho hausikie kintu, ukisoma na sauti bibi mwenye anapita ku barza anasimama anasikiliza. Ilinifikia, mama moja muzee alisimama kweli, akasahihisha neno moja mutoto alisoma vibaya, kisha akakaa saa nzima anatuelezea.

Na hapo njo kuko hii ingine, Mémoires de Lubumbashi, kazi yenye ilianza 2000 hapa kwetu na baprofesa ya UNILU (univasite ya Lubumbashi), mu wao Donatien Dibwe dia Mwembu, pamoja na Bogumil Jewsiewicki. Balienda ku batu ya kamp ya Union Minière na Gécamines, ku bamama, ku bastafu, balibauliza maisha, balikusanya na bintu ya nyumba, tena baliweka ekspozisio ku musée ya muji. Kama babu yako alitumika Gécamines, ile njo inakuonyesha namna ya kumuuliza. Juu kumuuliza muzee ni rasilimali sawa kitabu, na iko na sheria zake: andika jina kama anakubali, tarehe ya maongezi, fasi, na maneno yake sawa alisema, usiyageuze Kifaransa palepale. Muzee anapita kitabu kwa namna maisha ilikuwa. Kitabu inapita muzee kwa mwaka na hesabu. Kijana ya greve alitumia vyote viwili na profe alimupa siku ya ziada ili amalize.

Musée yenyewe ya Lubumbashi msiisahau: croisette (misalaba ya zamani) za mukuba na bintu ya akeoloji ya Sanga unaona na macho, saa moja mule inapita picha kumi ya telefone.

Binti ya malakiti sasa. Kwa siyansi hali ni ingine kabisa, hapa manuel ya masomo njo inatangulia, juu formile na ekwasio profe ataulizia namna ziko mu manuel. Alafu kwa kusikia, linganisha Khan Academy na PhET. Khan Academy ni video na mazoezi, iko mu Kifaransa, inafundisha polepole sawa mwalimu muvumilivu, lakini video inakula mega sana. PhET ni ya univasite ya Colorado Boulder, ilianzishwa 2002 na Carl Wieman mwenye alipata Nobel ya fizike 2001, ni bintu ya kucheza nayo ku ekrani: unaongeza acidi, unaona pH inashuka, unakata sirkwi, ampuli inazimika. Iko mu Kifaransa, ni mwepesi, na iko hata mu fili za Kiwix. Kwa masomo yenye haina laboratware, na mnajua ni mingi, mimi nachagua PhET bila kuwaza mara mbili. Malakiti yenyewe, binti aliileta mu mufuko, kipande ya kijani yenye kaka yake aliokota, hiyo haipatikani ku Khan Academy.

Kwa ba roma na teatri ya Kifaransa ya zamani: Gallica ya Bibliothèque nationale de France, tangu 1997, iko na dokima kupita milioni kumi, lakini ni picha za karatasi, kitabu moja inaweza kula makumi ya mega. Project Gutenberg, yenye ilianza 1971, inakupatia Hugo uleule kwa maandishi tu, mara mingi chini ya mega moja kama hauchukui na mapicha. Kusoma, Gutenberg. Kuangalia karte ya zamani ao gazeti ya wakati ile, Gallica. Kwa diksionere, Larousse ya intaneti kwa maana ya haraka, na Trésor de la langue française ku siti ya CNRTL kama unaandika disertasio na unataka mifano ya namna neno inatumika.

Institut français ku Halle de l'Étoile iko na mediateke, na Culturethèque yao ya intaneti inafunguliwa benye bamejiandikisha. Mwenye anakaa karibu na muji, ni fasi muzuri ya kukaa kimya. Mwenye anatoka Ruashi ao Katuba ahesabu kwanza feza ya taksibis.

Bafinalisti, neno moja kwenu. Mnanunua rekeyi ya ba item (maulizo ya kuchagua jibu) ya miaka iliyopita, hiyo sawa, mnajifunza namna ulizo inaulizwa na namna ya kukimbia na saa. Lakini item inakuonyesha jibu, haikuonyeshi njia, na disertasio haina ma asertio tano ya kuchagua. Mufanye item asubui, musome kitabu mangaribi, na musome ya kweli, kurasa kumi tu.

Sasa nijibu muzazi. Mama, Baba, kama feza iko ya kintu moja tu, usinunue forfe ya mwezi. Nunua karta ya memwari. Mega inaisha, na mutoto atapotezea nusu ku mavideo, hata mutoto mutulivu. Karta inabakia, inapita kwa mudogo wake mwaka ingine. Iwe ya giga 64 kama telefone inaikubali, ama 32 kama hapana, na muuzaji akujaribishie palepale mu telefone juu kuko zenye zimeandikwa 64 na ndani haifike. Ilete mu bibliyoteke yoyote ama kwa mutu yoyote mwenye ako na fili za Kiwix, bakukopishie. Na mbele ya kukopia muulize mwenye ordinatere aiformate mu exFAT, haiko mu FAT32, juu FAT32 haikubali fili moja kupita giga 4, itakwama katikati na mutafikiri karta imekufa.